Nyoka wenye sumu karibu na nyumba ya shamba: kipi kinasaidia kweli?

Mwanashamba wa Mwakirunge anauliza:

Assalam aleikum, na salamu kwa ndugu zangu wa dini zote. Ninaishi Mwakirunge, katika nyumba ya mawe iliyoezekwa makuti, pamoja na mama mkwe wangu, watoto ambao mdogo wao ndiyo kwanza anaanza kutembea, na mume wangu ambaye kazi yake ya bandarini humweka nje usiku mara nyingi. Nyuma ya nyumba kuna miembe na mkorosho mmoja mkubwa ambao matawi yake yameinamia paa, kuna banda la kuku, kuna rundo la mawe ya tumbawe lililobaki wakati wa ujenzi, na choo kiko mbali kidogo, kwa njia inayopita kandokando ya shamba la mihogo.

Tangu masika yaanze, nyoka wamekithiri. Jirani alimkuta bafe amejilaza njiani, katikati ya majani makavu, na ilikuwa bahati tu kwamba hakumkanyaga. Haukupita muda mrefu, mbwa wetu akatemewa sumu machoni na swila aliyekuwa ndani ya banda la kuku. Sasa mama mkwe anasema amemwona nyoka wa kijani kwenye mkorosho, na watoto ndiko wanakookota mabibo.

Ushauri niliopewa ni mwingi na unapingana. Wengine wanasema nimwage mafuta ya taa kuizunguka nyumba, wengine chumvi na kitunguu saumu, wengine nichome tairi, wengine nipande mchaichai, na yupo aliyeniuzia unga kwenye kikaratasi bila kunieleza umetengenezwa kwa nini. Mzee mmoja amenipa jiwe jeusi la kubandika penye jeraha mtu akiumwa. Ningependa kujua ni lipi kati ya haya lina manufaa, kama inanilazimu kuukata mkorosho, na muhimu kuliko yote, tufanye nini mtu akiumwa usiku ilhali hakuna gari nyumbani.

Mkulima wa Mtongwe anajibu:

Wa aleikum salaam, dada yangu, na pole kwa mashaka. Umeeleza mazingira ya nyumba yako vizuri, na kwa kweli nusu ya majibu imo ndani ya maelezo hayo. Nyoka hufuata chakula na mahali pa kujificha, na uwanja wako unampa vyote viwili kwa ukarimu.

Nianze na panya, kwa sababu watu wengi huanza na nyoka na ndiyo maana hawafiki popote. Bafe hula panya kwa wingi, na swila hula panya, vyura, mayai na vifaranga, kwa hiyo palipo na panya wengi patakuwa na wageni hao, hata ukimwaga mtungi mzima wa mafuta ya taa. Chukua tochi usiku mmoja uzunguke jikoni na ghalani bila kugusa kitu. Utaona pale panya wanapopita kila siku, kwa sababu majani yamelazwa yakafanya ujia mwembamba, na chini ya ukuta kuna mstari wa weusi wenye mafuta kutokana na manyoya yao kusugua mahali pamoja. Bafe hajui kukimbiza windo. Hujilaza kando ya ujia kama huo, rangi yake ikafanana na majani makavu, akangoja hata kwa siku kadhaa, na hakimbii anaposikia hatua za mtu kama nyoka wengine wafanyavyo. Hiyo ndiyo sababu watu humkanyaga. Jirani yako hakukutana naye njiani kwa bahati mbaya tu. Naamini mkipatazama vizuri mahali pale mtaona njia ya panya inakatiza.

Kwa hiyo mahindi yatoke kwenye magunia yaliyoegemezwa ukutani, yaingie kwenye mapipa yenye vifuniko vinavyobana. Chakula cha kuku kisilale chomboni hadi asubuhi. Machicha ya nazi na mabaki ya samaki yasitupwe nyuma ya jiko, bali yafukiwe mbali, na makumbi na vifuu visirundikwe karibu na ukuta. Kuni nazo ziwekwe juu ya kichanja kilichoinuka hadi usawa wa goti, ili chini yake paweze kufagiwa na kuonekana.

Banda la kuku lijengwe juu ya nguzo kama uwezo upo, na lizungushiwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, kwa sababu wavu wa kawaida wa kuku una matundu ambayo nyoka mchanga hupita kama anaingia kwake. Mayai yaokotwe kabla ya magharibi, na mtoto asitumwe kutia mkono kwenye kiota asichokiona ndani.

Rundo la mawe ya tumbawe ndilo linalonitia hofu kuliko mkorosho. Liondoe, lakini si kwa pupa. Fanya kazi hiyo mchana, umevaa buti za mpira na glavu nene, ukitumia jembe lenye mpini mrefu, na ukianzia juu. Kila jiwe liinue kwa kulivuta upande wako, ili jiwe lenyewe likae kati yako na kilichomo chini yake, na kama yumo nyoka atoke kwa upande wa pili. Asikae mtu upande huo.

Mkorosho usiukate, ni hasara ya bure. Kata matawi yaliyo juu ya paa na yaliyo karibu nalo, mpaka ubaki uwazi wa mita 2 hivi kati ya mti na makuti. Fyeka nyasi kuizunguka nyumba, na njia ya choo ipanuliwe hadi mtu aone ardhi pande zote mbili anapotembea. Usiku asitoke mtu bila viatu na bila tochi, hata kama mbalamwezi inang'aa. Kwa watoto na kwa mama mkwe, mimi ningeweka ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba mpaka masika yaishe, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kuhusu dawa za kufukuza, sijaona hata moja iliyothibitishwa kuwa inafanya kazi. Mafuta ya taa hunuka kwa muda, yakakauka, na yaliyobaki huzama ardhini kuelekea kisimani. Chumvi huua mimea yako. Mchaichai una faida yake katika chai. Unga wa kwenye kikaratasi ningeutupa mbali na mikono ya watoto, kwa sababu asiyejua umetengenezwa kwa nini hajui pia utamdhuru nani. Ama tairi, usilichome: likate vipande virefu, uvipigilie misumari chini ya milango ili kuziba pengo linalobaki kati ya ubao na sakafu. Hapo litazuia nyoka kweli.

Tabibu Mstaafu anajibu:

Ndugu Mkulima ameusema uwanja vizuri, nami sina la kuongeza hapo. Nitajibu swali la mwisho, kwa kuwa nimepokea wagonjwa wa aina hii katika vituo vya afya hapa pwani kwa miaka mingi, na walioniumiza moyo zaidi ni wale waliofika wakiwa wamechelewa kwa sababu zinazoepukika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Wengi wa hao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini, walio mbali na hospitali kama mlivyo nyinyi.

Mtu akiumwa, jambo la kwanza ni kumwondoa karibu na nyoka, na kumwacha nyoka aende zake. Msimfukuze, wala msipoteze muda kumtafuta ili apelekwe hospitalini, kwa sababu wako wanaoumwa wa pili kwa njia hiyo. Kama mtu anaweza kumpiga picha kwa simu akiwa mbali, ni vyema, lakini matibabu yanaweza kufanyika kwa kuangalia dalili tu. Angalieni saa, mkumbuke ilikuwa saa ngapi.

Kisha mgonjwa aketishwe au alazwe, atulizwe, na avuliwe mara moja pete, bangili, shanga, saa na viatu, kwa sababu mguu au mkono ukianza kuvimba vitu hivyo hukaza na kukata damu. Mguu ulioumwa ufungiwe vijiti viwili vilivyonyooka au ubao, kwa kutumia leso iliyokunjwa, ili usipinde wala kutikisika. Fundo liwe la kushikilia tu, kidole kiweze kupita chini ya leso. Asitembee, abebwe. Njiani alale kwa ubavu wa kushoto, ili akitapika asipaliwe. Akipata maumivu makali anaweza kupewa parasetamoli, lakini asipewe aspirini wala ibuprofeni, ambazo huongeza hatari ya kutoka damu.

Msimkate kwa wembe. Msifyonze jeraha. Msimfunge kamba ya kukaza juu ya jeraha, jambo ambalo bado linafundishwa na watu wazima wenye nia njema. Sumu ya bafe na ya swila mtema mate huharibu nyama na ngozi pale ilipoingia, na kamba huifungia mahali pamoja huku ikizuia damu kufika kwenye kiungo. Nimeona miguu iliyokatwa ambayo kwa maoni yangu iliharibiwa na kamba kuliko nyoka.

Dalili zitawaambia mengi. Bafe huleta maumivu makali na uvimbe unaopanda, kisha malengelenge, na jeraha linaweza kuoza. Koboko na hongo, ambao wengi huwaita mamba mweusi na mamba wa kijani, hushambulia mishipa ya fahamu: mgonjwa huhisi ganzi au mchomo midomoni, mate humjaa, kope hulegea mpaka macho hayafunguki, sauti hubadilika, na hatimaye kifua hushindwa kuvuta pumzi. Huyu anaweza kuwa na uvimbe mdogo sana, kwa hiyo msidanganyike na mguu uliotulia. Pumzi ikianza kukatika, anayejua kumpulizia mtu hewa kwa mdomo aanze na asiache, kwa sababu mgonjwa aliyesaidiwa kupumua anaweza kuokoka hata kabla ya kupata dawa.

Hospitalini kuna kipimo chepesi ambacho ningependa mkijue, ili mkikiona msidhani mmepuuzwa. Mhudumu huchukua damu kidogo, kama mililita 2, akaitia katika chupa ya kioo iliyo safi na kavu, akaiacha imesimama dakika 20 bila kuigusa, kisha akaiinamisha. Damu ikiwa bado inatiririka kama maji, maana yake sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda. Hapa pwani yuko nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye Makaburu walimpa jina la boomslang, na sumu yake hufanya hivyo polepole. Mgonjwa anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, kisha akaanza kutoka damu kwenye fizi. Asiruhusiwe kurudi nyumbani mapema kwa kuwa tu anacheka.

Dawa yenyewe ya sumu ya nyoka hutolewa kwa dripu, ndani ya mshipa, na mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa sababu kinachopimwa ni sumu iliyoingia na wala si uzito wa mwili. Dawa hii inaweza kuleta mzio mkali wa ghafla, na ndiyo sababu haifai kununuliwa ikawekwa nyumbani. Tena si kila zahanati inayo. Nakushauri, dada yangu, uende mchana wa leo au kesho kwenye kituo kilicho karibu nawe, uwaulize wazi: mtu akiumwa na nyoka usiku, nyinyi mtampeleka wapi? Kutoka kwenu njia ni kushuka Bamburi, kisha daraja la Nyali hadi kisiwani, ilipo hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Wenzetu wa Mtongwe na Likoni wafikirie foleni ya feri kabla haijawakuta. Tafuta dereva wa tuktuk au wa gari anayekubali kuamshwa usiku, na nambari yake iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, ili hata mama mkwe aione bila miwani. Bodaboda itumike pale tu ambapo hakuna njia nyingine, mgonjwa akae katikati na mtu wa kumshikilia nyuma.

Mjukuu wa Mganga, Jomvu Kuu, anajibu:

Ninamheshimu tabibu, lakini sikubali kwamba wazee wetu walikuwa wakipoteza muda. Babu yangu alitumia jiwe jeusi na mizizi maisha yake yote, na watu walikuja kwake kutoka mbali. Nilishuhudia kwa macho yangu jiwe likinata penye jeraha, likakaa, na lilipojaa sumu likaanguka lenyewe. Mgonjwa akarudi kwake kwa miguu. Zahanati gani ya kijijini ingemfanyia hivyo, tena bila kumdai maelfu ya shilingi?

Tabibu Mstaafu anajibu:

Ndugu yangu, hoja yako ya gharama ni ya kweli, na ninaichukulia kwa uzito. Lakini hebu tulitazame jiwe lenyewe. Mara nyingi huwa ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi na wenye vitundu vidogo vidogo. Kitu cha namna hiyo hunyonya umajimaji, kwa hiyo hunata penye damu, na kikishalowa huachia. Ukilibandika penye mkwaruzo wa mwiba litafanya vivyo hivyo. Sumu kwa wakati huo imekwisha kuingia chini ya ngozi na kuanza safari, mahali ambapo jiwe haliwezi kuifikia.

Wagonjwa wa babu walipona, nami sikatai. Nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata mwenye sumu huweza kuuma bila kuitoa. Mtu wa namna hiyo atapona kwa jiwe, kwa majani, au kwa kulala tu. Tatizo ni yule aliyeumwa na koboko, kwa sababu saa anazokaa na jiwe mguuni ndizo saa ambazo angekuwa barabarani. Sitaki mganga adharauliwe. Katika vijiji vingi yeye ndiye huitwa kwanza, na akiwa wa kwanza kuitwa basi awe wa kwanza kusema gari litafutwe. Dua na maneno ya kumtuliza mgonjwa anaweza kuyasoma wakiwa njiani pamoja.

Mwanashamba wa Mwakirunge anaandika:

Nawashukuru sana, na nimeyasoma haya kwa sauti ili mama mkwe asikie. Amekubali jiwe liwekwe kabatini. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni kuhusu macho: mbwa wetu alipona baada ya kuoshwa na maji, lakini akitemewa mtoto je? Jirani ameniambia nitumie maji ya ndimu. La pili ni huyo nyoka wa kijani. Nitamjuaje kama ni wa hatari au ni ukukwi tu asiye na madhara?

Mtunza Nyoka, Kilifi, anajibu:

Maji ya ndimu usiyatumie kabisa, dada. Jicho lililotemewa linaungua tayari, nawe unaliongezea asidi. Mfungue mtoto macho kwa vidole, mwelekeze kichwa upande wa jicho lililoingiwa, na umwage maji safi polepole kwa dakika 15 hadi 20. Atalia na kupigana, kwa hiyo awepo mtu wa pili wa kumshika mikono asijisugue. Maji yakikosekana kabisa, maziwa yatafaa. Baadaye apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu kioo cha jicho kikibaki na kidonda mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Dawa ya sumu haitiwi machoni.

Swila wenu wa bandani anaweza kuwa yule mkubwa wa kahawia. Zamani alihesabiwa kuwa aina tu ya swila mwingine mtema mate, hadi mwaka 2007 wanasayansi walipomtambua kuwa spishi ya peke yake na kumpa jina la Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu mwaka 1980. Anaweza kuzidi urefu wa mita 2, na kiasi cha sumu anachoweza kutoa kwa mara moja ni kikubwa mno. Hutema akiwa amebanwa, na hulenga uso, kwa hiyo anayelazimika kukaribia banda avae miwani ya kuzuia vumbi kama ile ya mafundi wa kuchomelea. Akumbuke pia kwamba swila mtema mate anaweza kuuma vilevile.

Ama nyoka wa kijani, nitakupa alama, lakini kwa sharti kwamba hutamsogelea ili kuzihakikisha. Hongo ana kijani kinachong'aa mwili mzima bila mabaka, kichwa chake ni chembamba na kirefu, na mwenyewe anaweza kufika mita 2. Ukukwi ni mdogo na mwembamba zaidi, na mara nyingi utamwona karibu na maji akitafuta vyura. Matatizo ni mawili: hongo mchanga ni mdogo pia, na boomslang naye huweza kuwa wa kijani. Kwa watoto sheria iwe moja tu, kwamba kila nyoka haguswi, na anayemwona asimame, arudi nyuma taratibu, kisha aite mtu mzima. Hongo ni mwoga, hukaa juu kwenye miembe, mikorosho na minazi, na haji kumtafuta mtu. Korosho na mabibo yaokotwe baada ya mtu mzima kupatazama chini kwanza, na maembe yaangushwe kwa upembo mrefu badala ya mtoto kukwea.

Niongeze nyoka mmoja ambaye hajatajwa. Baada ya mvua kubwa hutoka ardhini nyoka mdogo mweusi anayeng'aa, mwenye kichwa kisichopambanuka na shingo, na watu humwokota wakidhani hana neno. Huyo meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo, kwa hiyo hata ukimshika nyuma ya kichwa, namna wanayoshika wataalamu nyoka wengine, atakuchoma kidole. Sumu yake haina dawa maalumu.

Nyoka akiingia ndani ya nyumba, watoeni watu wote, fungeni milango ya vyumba vingine na kuziba chini yake kwa taulo, kisha fungueni mlango wa nje. Mtu mmoja abaki akimwangalia kwa mbali ili ijulikane ameingilia wapi, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ni kazi kubwa kuliko nyoka anayeonekana. Mara nyingi atatoka mwenyewe. Asipotoka, piga simu kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na nambari ya ofisi iliyo karibu nanyi itafutwe leo, iandikwe pale pale penye nambari ya dereva. Msimzibie koboko njia ya kutokea. Na ikiwa mtu amekwisha kumwua nyoka, kichwa kisishikwe kwa mkono, kwani hata kikikatwa bado huweza kuuma kwa muda.

Mwanashamba wa Mwakirunge anaandika:

Ahsanteni. Mume wangu ataanza na mawe siku yake ya mapumziko, na wavu wa milimita 6 nimeambiwa unapatikana Kongowea. Jambo moja la mwisho kwa tabibu: wakati wa joto watoto hupenda kulala sakafuni kwenye mkeka. Je, niwakataze?

Tabibu Mstaafu anajibu:

Ndiyo, wakataze, hasa miezi hii. Swila huingia usiku akifuata panya, hupita juu ya aliyelala, na mtu akijigeuza usingizini huumwa bila hata kumwona. Walale kitandani, kitanda kisigusane na ukuta ikiwezekana, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisiachwe kikining'inia hadi sakafuni. Nguo na mashuka yasiburure chini. Asubuhi viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na yule anayeanza kutembea asiteremshwe kitandani mpaka mtu mzima awe ameangalia uvunguni kwa tochi.